Mwana-Mfalme Nuhu Mbogo na Sulhu ya Buganda

Kwa jina lake Mwenyezi Mungu twaanza, na kwake twataka msaada.

Katika darsa yetu ya hapa Kimbo, baina ya Ruiru na Thika, limeulizwa suala ambalo tumeona si haki kulijibu kwa maneno mawili. Limeulizwa hivi: ikiwa watu wa dini mbili, au wa madhehebu mbili, wamepigana, kisha wakapatana kuweka silaha chini, na baada ya mapatano hayo watu wakawa wangali wakiuawa kwa sababu ya dini yao, je, serikali ina njia gani ya kuyazuia mauaji hayo? Na je, wakubwa wa dini nao wana wajibu gani?

Suala hili si la vitabuni tu. Mtaa wetu huu ni wa wapangaji wa kila kabila na kila dini, nao hukaa ukuta kwa ukuta. Wengi wenu mnaosoma waraka huu huko Mombasa, Malindi na Lamu mna jamaa zenu waliohamia huku bara kutafuta riziki. Na katika nchi yetu hii ya Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na jirani alimgeukia jirani yake, hata yakapatikana mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Ugomvi ule ulikuwa wa siasa na makabila, si wa dini. Lakini moto ni moto, uwe umewashwa kwa kuni au kwa makuti.

Basi tumeona jibu lililo bora ni kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeingia katika jambo hilo kwa nafsi yake, akiwa Mwislamu na akiwa mfalme wa watu wake. Mtu huyo ni Nuhu Mbogo wa Buganda, aliyefariki mwaka 1921, Mwenyezi Mungu amrehemu. Pwani jina lake si geni kwa wazee, kwani aliletwa Unguja akiwa mhamishwa. Lakini vijana wetu wengi hawamjui.

ASILI YAKE

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili, na ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kabaka ndiyo anwani ya mfalme wa Buganda, ufalme ulioko kaskazini ya ziwa kubwa la Nyanza. Katika zama za baba yake, mwaka 1844, alifika katika baraza ya mfalme mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim. Inasimuliwa kwamba bwana huyu alimwona Suna akiamrisha watu wachinjwe kwa makosa madogo, naye akasimama mbele ya baraza akamweleza kuwa watu hao wameumbwa na Mungu yule yule aliyempa yeye ufalme, na kwamba ni dhambi kubwa kuwaangamiza. Hakuna mtu aliyekuwa akithubutu kusema na Suna namna hiyo.

Tunaomba msomaji alihifadhi jambo hili. Neno la mwanzo la Uislamu lililosikiwa katika nchi ile lilikuwa neno la kuzuia damu.

Mutesa alipotawala tangu mwaka 1856 aliipenda dini, na kuanzia mwaka 1867 akafunga Ramadhani kwa muda wa miaka kama kumi, akajenga misikiti, akaamuru watu wafundishwe kusoma. Lakini yeye mwenyewe hakukubali kutahiriwa. Vijana wa baraza waliojifunza dini barabara wakakataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake, na wakakataa kusali nyuma yake. Hapo ghadhabu ikampanda, na wengi wao wakauawa kwa kuchomwa moto Namugongo. Hao ndio mashahidi wa mwanzo wa Buganda, miaka kama kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo waliouawa mahali hapo hapo mwaka 1886.

Mbogo alikuwa katika wana wa Suna wachache waliosalimika, kwani ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba anayetawala huwaogopa ndugu zake. Aliingia katika Uislamu akabaki nao, wakati wa neema na wakati wa mateso.

DINI ZILIVYOGEUKA KUWA VYAMA

Mwaka 1877 walifika wamishonari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 wakafika mapadri wa Kikatoliki kutoka Ufaransa. Vijana wa baraza wakagawanyika mafungu matatu: Waislamu, Waprotestanti walioitwa chama cha Waingereza, na Wakatoliki walioitwa chama cha Wafaransa. Mutesa alipokufa mwaka 1884 akatawala mwanawe Mwanga, kijana asiye na subira.

Mwezi wa Septemba 1888 Mwanga alitaka kuwaangamiza wafuasi wa dini zote tatu kwa pamoja, nao wakaungana wakamwondoa. Wakamweka Kiwewa, wakagawana vyeo. Haukupita muda mrefu ila wakagombana, na mwezi wa Oktoba Waislamu wakawafukuza Wakristo katika mji.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo bila yake kisa hiki hakifahamiki. Katika Buganda ya siku zile kila cheo kilikuwa na ardhi yake. Aliyepewa ukubwa wa jimbo alipewa mashamba na watu wa kuyalima, na aliyeondolewa aliondoka yeye na jamaa zake na wafuasi wake wote mikono mitupu. Basi vyeo vilipoanza kugawanywa kwa dini, kila ugomvi wa dini ukawa ugomvi wa shamba, na kila mtu aliyebadili dini akatakiwa aache shamba lake. Mtu akimuua mwenzake njiani alisema amemuua kwa ajili ya dini, na hali moyoni mwake aliitazama migomba ya mwenzake.

Wala tusiseme kwamba Waislamu walitoka safi katika jambo hili. Kiwewa alipokataa kutahiriwa akawaua baadhi ya wakubwa wa Waislamu, nao wakamwondoa, wakamweka ndugu yake Kalema, aliyeitwa Rashid. Watu wakalazimishwa kutahiriwa, ilhali dini yetu haikubali kumwingiza mtu kwa nguvu. Na mwaka 1889 Kalema, kwa hofu ya kunyang'anywa ufalme, akawaua wana wa kifalme, wanaume kwa wanawake, wa nyumba yake mwenyewe. Kitendo hicho hakina udhuru katika sheria, na mwenye kukitetea kwa kuwa mtendaji alikuwa Mwislamu huidhulumu dini kuliko adui yake.

Mwezi wa Oktoba 1889 Mwanga alirudi pamoja na Wakristo. Waislamu wakatoka, wakarudi, kisha mwezi wa Februari 1890 wakashindwa kabisa, wakakimbilia mpaka wa Bunyoro. Huko Kalema akafa kwa ndui, na Waislamu wakamchagua Mbogo awe mfalme wao.

MBOGO AWA MFALME WA WATU WALIOKIMBIA

Hebu tufikiri hali aliyorithi. Alipewa ufalme usio na nchi. Watu wake walikuwa maelfu, wanaume na wanawake na watoto, wamekaa mpakani, wakipata msaada wa Kabalega mfalme wa Bunyoro, wakishambulia na kushambuliwa. Kila aliyekuwa na bunduki aliona njia ya kurudi nyumbani ni kupigana.

Mwezi wa Desemba 1890 alifika Mengo Kaptein Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ile ile iliyokuwa imekodi pwani yetu ya Mombasa kutoka kwa Sultani. Akafanya mkataba na Mwanga, akajenga ngome katika kilima cha Kampala. Mwezi wa Mei 1891 Wakristo wote na askari wa Kampuni wakatoka kuwapiga Waislamu, nao wakashindwa, lakini hawakumalizika. Baadaye Lugard alikwenda magharibi, akawaleta askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko na Emin Pasha, pamoja na mkubwa wao Selim Bey. Askari hao walikuwa Waislamu, na jambo hili lina maana kubwa katika yajayo.

SERIKALI ILIPOPENDELEA UPANDE MMOJA

Wakati Waislamu wako mpakani, Wakristo wa vyama viwili walikuwa katika mapatano yao wenyewe kule Mengo. Hawakupigana wazi, lakini walinyang'anyana mashamba, na watu walikuwa wakipigwa na kuuawa. Mwezi wa Januari 1892 Mkatoliki mmoja alimuua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki. Mwanga akahukumu kwamba muuaji alijitetea, akamwachilia. Lugard hakuridhika na hukumu hiyo, akataka muuaji aadhibiwe, na mfalme akakataa. Lugard akawagawia Waprotestanti mamia ya bunduki. Tarehe 24 Januari vita vikalipuka, mizinga ya Maxim ikalia, Wakatoliki wakashindwa, na Mwanga akakimbia nao visiwani, kisha Buddu.

Msomaji na atazame hapa. Mauaji ya mtu mmoja, ambayo yangekatwa kwa hukumu ya haki inayokubaliwa na pande zote mbili, yaligeuka vita vya nchi nzima kwa sababu mbili. Ya kwanza, hapakuwa na hakimu anayeaminiwa na wote. Wakatoliki walimwona Lugard ni wa Waprotestanti, na Waprotestanti walimwona Mwanga ni wa Wakatoliki. Ya pili, serikali badala ya kuzikusanya silaha ilizigawa. Serikali inayogawa bunduki kwa kundi moja katika wakati wa sulhu haiwezi kusema inazuia mauaji. Imechagua tu nani auawe.

SULHU YA MWAKA 1892

Baada ya vita hivyo Lugard aliona kwamba hawezi kuitawala nchi ikiwa vyama viwili vya dini vimefukuzwa. Mwanga akarudishwa mwisho wa mwezi wa Machi 1892, na Wakatoliki wakapewa jimbo la Buddu. Likabaki jambo la Waislamu na mfalme wao.

Waprotestanti hawakutaka Waislamu warudi, kwani kurudi kwao ni kutoa ardhi. Na Waislamu hawakumwamini Lugard, kwani alikuwa amewapiga mwaka uliopita. Basi akatumwa Selim Bey awe mpatanishi na mdhamini baina yao, kwa kuwa ni Mwislamu na ni mkubwa wa askari wa serikali. Masharti yalikuwa haya: Mbogo aache dai lake la ufalme, kwani nchi haiwezi kuwa na wafalme wawili, akae Kampala karibu na ngome ya serikali, na Waislamu wapewe majimbo matatu madogo, Butambala, Gomba na Busujju, wakae humo kwa amani na wakubwa wao.

Watu wa Mbogo waliogopa kumtoa. Mfalme anayekwenda kwa adui yake bila jeshi, katika nchi ambayo wana wa kifalme wamezoea kuuawa na jamaa zao, ni mtu anayekwenda na sanda yake mkononi. Naye alikuwa mtu mzima, na angeweza kubaki mpakani akiitwa mfalme mpaka afe. Lakini mwezi wa Mei 1892, mwaka 1309 wa Hijria, Mbogo alikubali. Akaenda Kampala, akakutanishwa na Mwanga, mtoto wa ndugu yake, wakashikana mikono wakatazamana muda mrefu, baada ya miaka ya kupigana. Maelfu ya Waislamu wakashuka kutoka mpakani wakaingia katika majimbo yao.

Tunapokisoma kisa hiki hatuna budi kumkumbuka Sayyidna Hasan bin Ali, Mwenyezi Mungu awawie radhi yeye na baba yake, ambaye mwaka wa 41 wa Hijria aliacha ukhalifa, na hali alikuwa na jeshi, ili damu ya Waislamu isimwagike, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Jamaa. Wapo katika wafuasi wake waliomlaumu. Lakini umma ulimtambua kwa kitendo kile kuwa ni bwana. Hatumlinganishi Mbogo na mjukuu wa Mtume (s.a.w.); twasema tu kwamba alipita njia ambayo wakubwa walikwisha kuipita.

Kuna wanaosema Mbogo alikuwa dhaifu, akauza kiti kwa Mzungu. Tunawajibu kwa suala: wale wanawake na watoto wa mpakani wangalikuwa wapi? Katika vita vya miaka minne Waislamu walikuwa wamepoteza nchi yote. Kwa sulhu ile walipata mahali pa kulima, pa kujenga msikiti na pa kusomesha watoto wao. Uislamu wa Buganda uliopo leo ulihifadhiwa kwa mapatano yale.

SULHU ILIPOVUNJIKA

Lakini sulhu ni kama jahazi, haitoshi kuushushwa majini. Lazima izibwe kila mwaka. Mwezi wa Machi 1893 alifika Sir Gerald Portal kuitazama nchi kwa niaba ya serikali ya Uingereza. Akawakutanisha maaskofu wa pande mbili za Wakristo, akaweka Makatikiro wawili, yaani mawaziri wakuu, mmoja Mprotestanti na mmoja Mkatoliki, na Wakatoliki wakaongezewa ardhi. Hiyo ilikuwa hekima, kwani kila upande ulipata mtu wa kuusemea mbele ya mfalme, na vita baina ya Wakristo havikurudi tena. Lakini Waislamu hawakuongezewa kitu. Majimbo yao yalikuwa madogo, watu wao wengi, na hawakuwa na waziri wa kuwasemea.

Portal alipoondoka, mwezi wa Juni 1893 wakubwa wa Waislamu wakadai ardhi zaidi, na baadhi yao wakadai huku wameshika bunduki. Selim Bey akatuma neno kwa Kaptein Macdonald, aliyeachiwa serikali, kwamba hatakubali Waislamu wapigwe. Macdonald akaona ni uasi. Akawanyang'anya silaha askari wa Kisudani walioko Kampala, Selim Bey akakamatwa, na Waislamu wakapigwa, wengine wakakimbilia magharibi. Mbogo hakukimbia pamoja na waliokimbia. Alijitoa akawa mikononi mwa serikali.

Hapa pande zote mbili zilikosa. Wakubwa wa Waislamu walikosa kwa kudai haki yao kwa mtutu wa bunduki katika wakati wa mapatano, kwani mwenye kudai hivyo humpa hasimu wake hoja ya kumvunjia ahadi. Na serikali ilikosa kwa kuwa ilisubiri malalamiko yageuke silaha ndipo iyasikilize, na kwa kuwa yule yule iliyemfanya mdhamini wa sulhu mwaka 1892 ilimfanya mfungwa mwaka 1893, ilhali angeweza kutumiwa tena kupatanisha. Mwisho wake Waislamu walinyang'anywa Gomba na Busujju, wakabakishiwa Butambala peke yake.

UHAMISHONI

Mbogo na Selim Bey walitolewa Buganda wakapelekwa pwani. Njia ya misafara siku hizo ilipita Naivasha, ikashuka katika nchi ya Wakikuyu, si mbali na huku tuliko, kisha Machakos na Kibwezi hata Mombasa. Selim Bey alikuwa mgonjwa, akafia Naivasha mwaka ule ule. Mwenyezi Mungu amrehemu. Walio wengi hupita Naivasha wala hawajui kuwa pamelala mtu aliyetaka kupatanisha watu.

Mbogo akafikishwa Unguja. Mji wa Unguja wakati ule ulikuwa chini ya Sayyid Hamed bin Thuwaini, nao ulikuwa na wanazuoni kama Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi na Sayyid Ahmed bin Sumeit. Watawala wake walikuwa Maibadhi na raia wake wengi Mashafii, na Mashia wa makundi mbalimbali walikuwa na misikiti yao, na Mabaniani hekalu lao, na Wakristo makanisa yao. Kila mtu alisali kwake na jioni wakakutana sokoni. Makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii walikaa mji mmoja, na kila mtu alijua pa kupeleka shauri lake. Aliyetoka katika nchi ambayo dini tatu zimeuana kwa ajili ya mashamba, aliuona mji ambao madhehebu nyingi zimeishi pamoja kwa sababu hukumu zilikuwa na mahali pake.

KURUDI KWAKE NA UAMINIFU WAKE

Mwaka 1895 Mbogo alirudishwa Buganda, ambayo tangu mwaka 1894 ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Miaka miwili baadaye alitahiniwa mtihani mkubwa kuliko wote. Mwezi wa Julai 1897 Mwanga aliasi, akakimbia, akawekwa mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo askari wa Kisudani wa serikali, Waislamu, wakaasi kwa sababu ya uchovu wa safari na uchache wa mishahara, wakaingia ngomeni Busoga, wakawaua wakubwa wao Wazungu. Waasi waliweka tumaini lao kwa Waislamu wa Buganda na kwa mkubwa wao Mbogo.

Basi fikirini. Mfalme Mwanga amekimbia; aliyeko kitini ni mtoto wa mwaka mmoja; jeshi lenye bunduki zilizo bora ni la Waislamu, nalo lamtazamia yeye; na serikali iliyopo ndiyo iliyomhamisha na kuwanyang'anya watu wake majimbo mawili. Hapana mtu mwenye sababu ya kulipa kisasi kama yeye. Lakini Mbogo alishikamana na ahadi yake, akawazuia Waislamu wa Buganda wasijiunge na maasi. Lau angaliinua mkono, vita vya dini vingalirudi katika kila kijiji, na wa kwanza kulipishwa wangalikuwa wanyonge wa Butambala.

Aliwahi Mtume (s.a.w.) kufunga mapatano ya Hudaibiya katika mwaka wa sita, na masharti yake yaliwachoma Masahaba nyoyo zao. Abu Jandal akaja amefungwa minyororo akiomba hifadhi, naye Mtume akamrudisha kwa sababu ya ahadi. Uzito wa ahadi huonekana siku ile ambayo kuivunja ni rahisi na kuna faida.

Katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 jina la Mbogo limo. Aliandikiwa pensheni ya pauni 250 kwa mwaka muda wa uhai wake, kwa sharti la kuacha dai la ufalme, na yeye na wafuasi wake wakapewa ardhi ya maili za mraba 24. Ukilinganisha na walichopata Wakristo ilikuwa fungu dogo, na malalamiko ya Waislamu juu ya hilo yalikuwa ya haki. Lakini Mbogo aliyapeleka kwa ulimi na kwa karatasi, wala hakurudi kwenye bunduki. Akaishi akiwa mkubwa wa Waislamu, mtu wa kuwaamua na kuwasemea, mpaka alipofariki mwaka 1921, sawa na mwaka 1339 wa Hijria.

BAADA YA KUFA KWAKE

Yaliyofuata yanatuhuzunisha. Waislamu hao ambao upanga wa Mutesa, na bunduki za Wakristo, na mizinga ya Kampuni havikuwamaliza, waligawanyika wenyewe kwa wenyewe baada ya kuondoka kwake. Waligombana juu ya mas'ala ya kusali adhuhuri baada ya sala ya Ijumaa, ambayo ni mas'ala ya matawi yanayojulikana hata huku pwani, na maulamaa wamehitilafiana ndani yake bila ya kukufurishana. Misikiti ikatengana, na jamaa wakatengana. Mwanawe, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alirithi ukubwa akiwa kijana mdogo katikati ya fitina hiyo. Akatumia umri wake mrefu, hata kufa kwake mwaka 1991, katika kuwaunga Waislamu na kuwajengea skuli, na kilima cha Kibuli kilichotolewa ardhi yake kwa msikiti na masomo ni ushahidi wake.

Tunaitaja habari hii kwa sababu wengi hudhani kwamba hatari iko kwa watu wa dini nyingine tu. Kumbe ndani ya mtu mwenyewe kuna Mengo yake.

TUJIFUNZE NINI

Sasa twarudi kwenye suala. Serikali ina njia gani ya kuzuia mauaji wakati wa sulhu? Kisa cha Buganda chatuonyesha nne.

Kwanza, iweke hukumu inayoaminiwa na pande zote, na imhukumu muuaji kwa jina lake, si kwa dini yake. Mauaji ya mmoja yakiachwa bila hukumu ya haki, watu mia watajihukumia wenyewe.

Pili, isigawe silaha kwa upande wowote, wala isitumie kundi moja kulipigia kundi jingine.

Tatu, itazame kilicho chini ya jina la dini. Mara nyingi ni shamba, au kazi, au kiti cha ukubwa. Wakristo wa Buganda walituliwa walipopewa kila upande fungu lake na msemaji wake. Waislamu hawakutulia kwa kuwa waliachwa nje ya mlango.

Nne, itimize ahadi na iwahifadhi wapatanishi. Sulhu haina mikono wala miguu. Hutembea kwa miguu ya watu wanaoaminiwa pande zote mbili, na ukiwakata hao umeikata sulhu yenyewe.

Na sisi je? Serikali haiwezi kusimama katika kila kichochoro. Aliyewazuia Waislamu wa Buganda mwaka 1897 hakuwa askari wa serikali. Alikuwa mkubwa wao wenyewe. Basi ni wajibu wa kila imamu, na kila mwalimu wa chuoni, na kila mzee wa mtaa, awazuie vijana wake yeye kwanza, kabla ya kulaumu vijana wa wenzake. Asipokee uvumi wala asiupitishe. Asikubali damu ya jirani asiye na hatia ilipwe kwa kosa lililofanywa na mtu mwingine katika mji mwingine. Na ikiwa ana haki ya kudai, na aidai mchana, kwa hoja na kwa mashahidi, bila ya kuchoka.

Mbogo aliishi zaidi ya miaka ishirini na tano baada ya kuacha kiti, akawaona Mwanga na Kabalega, waliochagua vita, wamechukuliwa mateka mwaka 1899 na kupelekwa visiwa vya Seychelles. Yeye alizikwa kwao, na nyuma yake akaacha watu wanaosali. Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu, awapatanishe waja wake kila walipogombana, na atupe wakubwa wanaoona damu ya watu ina thamani kuliko viti vyao.

Wabillahi tawfiq.